Mdomo wa Kugati

Matonya hakuwa mtu wa kutulia. Mama yake alikuwa akisema kwamba alimzaa akiwa tayari anataka kuondoka, na tangu hapo hakuna kigoda kilichomvumilia. Akipewa ng'ombe kuchunga, yeye ndiye aliyetembea kuliko ng'ombe. Akialikwa kwenye pombe, aliinywa amesimama huku akiuzunguka mtungi, mpaka wenye pombe wakachoka kumwambia akae. Sasa ona maskhara ya dunia: mtu wa namna hiyo ndiye aliyerithi kazi ya kukaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika nchi ile, magharibi ya Nkuhungu, mtemi hakuhukumu nje mbele za watu. Tembe lake lilikuwa tembe kama la Mgogo yeyote, refu na bapa, paa lake la udongo limeota majani, mlango wake mfupi wa kukuinamisha utake usitake. Ukiingia unafika ikumbo, chumba cha mbele wanakokaa wageni. Nyuma yake kuna kugati, chumba cha ndani, kisicho na dirisha wala tundu. Humo mlikuwa na vibuyu vya mbegu, mawe ya mvua yaliyofunikwa kwa ngozi ya kondoo mweusi, na kigoda cha mtemi. Wenye shauri walikaa ikumbo, mtemi akakaa kugati gizani. Wao hawakumwona, ila yeye aliwaona vizuri sana, kwa kuwa mwanga wa mlangoni uliwaangukia wao. Wapo wafalme waliojenga majumba ya mawe na kuketi juu ya dhahabu ili waogopwe. Watemi wa kule walitumia giza tu, na giza halina gharama.

Kwenye kizingiti, baina ya vyumba hivyo viwili, alikaa mdomo. Huyo ndiye Matonya. Mtemi alimnong'oneza sikioni, naye akawageukia watu na kusema kwa sauti. Kisha ndani, fimbo ya mtemi iligonga mara moja jiwe lililofukiwa sakafuni, ko, na neno likawa neno. Lisilogongewa lilikuwa upepo. Baba yake Matonya alikuwa mdomo, na babu yake vilevile, na baba alipokuwa anakata roho hakumwachia mwanawe ng'ombe wa maana, alimwachia wosia.

"Mdomo hauna shamba, hauna zizi, hauna mtoto," alimwambia. "Siku neno la mtemi litakapokunufaisha wewe, watu wataacha kusikiliza na kuanza kuchungulia mlango."

Matonya aliushika wosia huo hata ukamtia hasara. Mwaka mmoja mbuzi wake waliingia katika uwele wa jirani yake Ndahani wakaufyeka. Shauri likaletwa kwa mtemi. Matonya akakaa ikumbo kama mshtakiwa, akajitetea weee, kisha akainuka, akaenda kukaa kizingitini, akasikiliza, akageuka na kutangaza kwa sauti nene: "Matonya amlipe Ndahani mbuzi jike mwenye mimba." Fimbo ikagonga. Akainuka tena, akarudi kukaa mahali pa mshtakiwa, akaguna kwamba hukumu ni kali. Watu walicheka mpaka mavuno. Lakini chini ya kicheko walimheshimu, na Ndahani tangu siku hiyo hakumwita jina lake, alimwita Mdomo.

Basi mwaka ule reli ya Wadachi ilipokaribia Gulwe, na kiangazi kimekausha hata visima vya mchangani, asubuhi moja Mbeleje, mke mkubwa wa mtemi, alimwita Matonya ndani kabla watu hawajafika. Matonya alimkuta Mtemi Madeje amelala juu ya ngozi, mdomo umevutwa upande mmoja, jicho moja limefumba, mkono wa kulia umelala tu kama si wake. Alijaribu kusema. Ikatoka sauti ya ndama.

"Ameamka hivi," alisema Mbeleje.

"Mama, tumwite mganga."

"Mganga ana mke, na mke ana majirani." Mbeleje alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na kila neno lake lilikuwa limepimwa kwanza. "Mbegu hazijatolewa, Matonya. Unajua mwenyewe. Hakuna atakayefukia punje moja kabla hajapokea mbegu ya mtemi, na wakisikia ameanguka hawataipokea. Mvua itakuja ikute mashamba matupu. Halafu yule akida wa boma, unafikiri hana mtu wake wa kumweka juu ya kigoda hiki?"

Matonya alikuwa ameanza kuzunguka chumba kile kidogo, akijigonga kwenye vibuyu. "Sasa tufanyeje?"

"Wewe utasema. Mimi nitagonga."

"Nitasema nini?"

"Umekaa kwenye kizingiti hiki tangu hujaota ndevu. Sema aliyokwisha kusema."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Matonya aliyakumbuka maneno hayo palepale. Lakini alitazama vibuyu vya mbegu, akawafikiria watoto wa nchi nzima, akaenda kukaa.

Ikawa kweli inawezekana. Lilipokuja shauri la mahari, Matonya aligeuza kichwa gizani kama kawaida, akatulia kidogo, akachomoa katika kumbukumbu hukumu ya miaka ya nyuma juu ya mahari, akaitangaza. Ko. Lilipokuja shauri la kisima, alitafuta la kisima. Ko. Nchi ilitawaliwa kwa maneno makuukuu, na nchi haikujua. Siku ya kutoa mbegu, Mbeleje aliushika mkono wa kushoto wa mtemi, ule ulio hai, akauingiza katika kila kibuyu ukoroge mbegu na dawa, na watu wakapokea mbegu zao ikumbo wakiinamisha vichwa. Mvua tu ndiyo iliyokuwa bado.

Mara moja Matonya alilitia neno chumvi. Mjane mmoja alikuwa anadai ndama kwa shemeji zake, na hukumu ya zamani ilimpa ndama mmoja. Matonya alisema wawili. Fimbo ikagonga bila kusita, mjane akalia kwa furaha, na Matonya akahisi utamu unampanda kutoka tumboni hadi kooni. Utamu ule ulimtisha kuliko kitu chochote. Siku nzima alizunguka zizi akijitukana.

Nyumbani hakukalika. Alikula amesimama, akaacha tonge nusu, akatoka, akarudi. Mkewe, mama Masima, alimuuliza kama ameibiwa au ameiba. Angemwambia nini? Masima mwenyewe, mtoto wao pekee aliyesalimika mwaka wa ndui, alikuwa kijana mrefu mwenye kucheka hovyo, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshafika kwa wakwe. Alikuwa anangoja mavuno tu ili aoe. Kila Matonya alipomtazama kijana yule akipaka udongo chumba chake kipya, angalau moyo wake ulikaa kidogo.

Ndipo akaja akida.

Jina lake Mbwana Hamidi, mtu wa pwani, kanzu nyeupe katika nchi ya vumbi, amepanda punda na nyuma yake askari wawili wenye bunduki. Hakuwa mtu mbaya kwa kuzaliwa, ila alikuwa anamwogopa Mdachi wake, na mtu mwenye hofu ni mbaya zaidi. Aliinama kuingia ikumbo, akapangusa kigoda cha wageni kwa leso, akasema bila kuzunguka.

"Salamu kwa mtemi. Bwana mkubwa wa boma anataka watu wa kazi ya reli, Gulwe. Kila kaya mwanamume mmoja mwenye nguvu. Leo naenda Ipagala kusema hayohayo, kesho kutwa nitapita kuwachukua." Kisha akanyoosha shingo kuangalia gizani. "Na kama mtemi anakataa, sawa. Ila atoke nje aniambie mwenyewe, nimwone uso. Asipotoka, askari hawa watamtoa."

"Mtemi amesikia," alisema Matonya. "Siku hiyo atajibu." Fimbo ikagonga, na akida akaondoka.

Habari za Gulwe zilikuwa zimefika kabla ya akida. Watu walisema homa huko haichagui, mto ukija unabeba tuta na waliomo, vyuma vinaponda mikono. Waliochukuliwa pande za Mpwapwa, baadhi hawakuwa wamerudi. Matonya aliingia kugati akasimama katikati ya chumba.

"Mama, hili halina neno la zamani. Nimetafuta. Hakuna mtemi aliyewahi kuulizwa habari ya reli."

"Najua," alisema Mbeleje. "Tukikataa, watamtoa nje. Watamwona alivyo. Neno moja likianguka, yote yameanguka, Matonya. Mbegu zitatupwa. Kila shauri tulilolikata litarudi, ndama watarudishwa, wake watarudishwa, watu watachinjana."

"Basi watu waende."

"Waende."

"Kaya yangu ina mwanamume mmoja mwenye nguvu."

Mtemi, pale alipolala, aliwatazama kwa jicho lake moja, akisikia kila kitu.

"Nitaenda mimi," alisema Matonya. "Miguu yangu imezoea kutembea. Niende mimi Gulwe, Masima abaki."

"Na kizingitini atakaa nani?"

Mbeleje alichukua fimbo, akaiweka mapajani. "Mimi nitagonga chochote utakachosema. Ukisema kaya ya mdomo isitoe mtu, nitagonga. Sitakuuliza leo wala kesho. Neno ni lako."

Afadhali angemkatalia. Mtu aliyekataliwa ana wa kumlaumu. Matonya alitoka mle na neno lake kama mtu aliyepewa kaa la moto akae nalo kiganjani, na kwa siku mbili alitembea. Alifika mpaka wa mashamba, akarudi, akafika tena. Nyumbani mkewe alikuwa anamngoja mlangoni.

"Mtemi anakupenda," mama Masima alisema. "Maisha yako yote hujamwomba kitu. Mwombe hiki kimoja."

"Mdomo hauombi."

"Mdomo una mke, na mke anakuomba wewe."

Alilia, na Matonya akatoka nje kwa sababu hakuweza kusimama mahali pamoja na kilio kile. Akaamua. Alijiambia: nimetumikia, baba yangu alitumikia, babu yangu alitumikia, kaya moja katika nchi nzima si kitu. Akalitunga neno kabisa, akalisema peke yake porini ili ulimi ulizoee: kila kaya itoe mtu mmoja, isipokuwa kaya ya mdomo, kwa kuwa imekwisha kutoa. Lilisikika vizuri. Lilisikika kama la mtemi hasa.

Siku yenyewe ikumbo ilijaa, na wengine wakachuchumaa nje ukutani. Akida alikaa karibu na mlango. Vijana walisimama nyuma, Masima kati yao, kichwa kikikaribia kugusa boriti. Matonya alikaa kizingitini, akageuza kichwa gizani, akangoja kidogo kama ada, akawageukia watu.

"Mtemi amesema. Kila kaya itoe mwanamume mmoja mwenye nguvu, aende kazi ya reli. Isipokuwa..."

Akasimama hapo. Nyuma yake alisikia fimbo ikiinuliwa kutoka mapajani, tayari. Watu wakainua macho, maana neno la mtemi halikuwahi kukatika katikati. Mbele kabisa alikuwa amekaa Ndahani, yule aliyelipwa mbuzi, na ubavuni pake mwanawe wa pekee, mkono wa baba juu ya goti la mwana. Ndahani hakumwangalia Matonya. Aliangalia juu ya bega lake, kule gizani, na ndivyo walivyofanya wote. Katika maisha yake yote ya kukaa pale Matonya hakuwa ameligundua hilo, kwamba hakuna mtu hata mmoja anayemwangalia yeye. Walikuwa wanangoja kusikia giza limesema nini, na walikuwa wameshakubali kabla halijasema.

Ulimi ulijigeuza wenyewe. Au yeye aliugeuza. Baadaye alijiuliza hilo mara nyingi, akawa anajua jibu na kulikimbia.

"Isipokuwa kaya za wajane," alisema. "Wajane wasiguswe."

Fimbo ilichelewa kidogo, kama aliyeishika hakuamini masikio yake. Kisha, ko.

Akida aliridhika, akatoka kupanga watu wake. Mama Masima hakuonekana. Masima alikuja mpaka kizingitini, akainama kwa sababu ya urefu wake, akamshika baba yake mkono.

"Usiumie, baba," alisema. "Sikulaumu hata kidogo. Wewe ni mdomo tu."

Akaenda. Matonya aliingia ndani kwa magoti. Mkono wa kushoto wa mtemi ulimkamata kifundo cha mkono, ukamkaza kwa nguvu ambazo hakujua kama bado zimo, na jicho moja likatoa machozi. Kama ilikuwa shukrani au kemeo, Matonya hakuweza kujua, na yule mwenye kujua hakuwa na ulimi.

Mvua ilinyesha. Uwele uliota, ukakomaa, watu wakala. Baada ya mavuno Mtemi Madeje alikufa, safari hii wazi, na watu wakamlilia kama inavyopasa. Mpwa wake akarithi kigoda, nchi haikuchinjana, na Mbeleje akahamia kibanda kidogo kando ya tembe. Boma likamjengea mtemi mpya nyumba ya matofali yenye madirisha na baraza, asikilize mashauri mchana kweupe. Watu walienda barazani pale, wakamwona anavyojikuna shingo na kupiga miayo, wakarudi nyumbani wakibishana na hukumu. Mdomo haukuhitajika tena, naye Matonya akabaki na miguu yake.

Masima alirudi kutoka Gulwe akichechemea. Toroli la mawe lilikuwa limemwangukia mguu, na mguu ukaunga vibaya. Wakwe walikuwa wamesharudisha ng'ombe, na yule binti alikuwa ameolewa kwingine. Kucheka hakuacha, ila sasa alicheka amekaa.

Kwenye pombe, vijana waliopotewa na ndugu zao huko Gulwe walimchokoza Matonya. "Huyo ndiye mdomo uliomla mwanawe," walisema. Kila mara Masima aliwakatiza, kwa upole, mguu wake umenyooshwa mbele. "Mwacheni mzee. Yeye alifanya nini? Aliambiwa, akasema. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?" Wakanyamaza, wakampa Matonya kata ya pombe, na Matonya akaondoka bila kuinywa. Matusi aliweza kuyabeba. Ule utetezi ndio uliomkata maini, kila siku, kutoka kinywa kilekile.

Alivumilia mwaka, akavumilia mwingine. Mtemi amekufa, mbegu zimeliwa, alijiambia, siri hii sasa inamlinda nani? Asubuhi moja alimkuta Masima akisuka kamba ya kitanda, akasimama mbele yake.

"Mwanangu, mtemi hakusema neno lile. Mtemi alikuwa hana ulimi tangu kiangazi. Nilisema mimi."

Masima alimtazama, kisha akatabasamu kwa huruma kabisa, kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa. "Baba, usijibebeshe. Mdomo hausemi wenyewe."

"Nimekuambia nilisema mimi. Ningeweza kukuacha nyumbani. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nikuache."

"Umezeeka, baba, na unatembea juani mno."

Matonya alimshika mkono akamwinua, wakaenda pamoja, mmoja akivuta na mwingine akichechemea, mpaka kwenye kibanda cha Mbeleje. Bibi alikuwa amekaa nje anabangua karanga, fimbo yake ya kutembelea imelazwa miguuni. Walimsalimu kwa Kigogo, mbukwa, akaitikia.

"Mama," alisema Matonya, "mwambie. Watu wa reli. Mwambie nani alisema."

Mbeleje aliwatazama wote wawili, akautazama mguu wa kijana kwa muda mrefu. Kisha akatazama juu yao, kule kwenye nyumba ya matofali, ambako watu walikuwa wamekusanyika barazani wakimpigia kelele mpwa wa marehemu mumewe. Alipomrudia Matonya, macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Matonya akajua kabla hajafungua kinywa.

"Mtemi alisema," alijibu Mbeleje. "Nilikuwapo."

"Umeona, baba?" alisema Masima taratibu, akamshika bega.

Bibi aliinama akaokota fimbo yake, akagonga nayo chini mara moja.